Kinu kidogo cha nyuklia kando ya ziwa: kinachopungua na kisichopungua

Nyuklia imeanza kuzungumzwa pande zote za Ziwa Victoria, na Mwanza haiwezi kukaa pembeni. Kenya, baada ya wakazi wa Uyombo kule Kilifi kuupinga mradi kwa nguvu, imegeuzia macho Siaya, kaunti inayopakana na ziwa. Uganda imechagua Buyende, jirani na Ziwa Kyoga, ambalo hupokea maji ya Nile yanayotoka kwetu kupitia Jinja. Rwanda, ambayo mito yake mingi huingia Kagera na Kagera ikaingia ziwani, ilisaini mwaka 2023 makubaliano na kampuni ya Dual Fluid ili kujenga kinu cha majaribio. Tanzania nayo imeanza kuigusa urani yake: Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuichakata katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo.

Wanaoipigia debe nyuklia siku hizi hawazungumzii sana mitambo mikubwa ya zamani, ile inayochukua miaka kumi na zaidi kujengwa na kumeza bajeti nzima ya nchi. Wanazungumzia vinu vidogo vinavyoundwa kiwandani kwa vipande, vikasafirishwa na kuunganishwa vikifika. Tunaahidiwa kwamba vitakuwa salama zaidi, nafuu zaidi, safi, na vitawashwa mapema. Baadhi ya ahadi hizo zina msingi wa kifizikia usiopingika. Nyingine bado ni matumaini ya wauzaji. Nataka nizitenganishe hapa kwa jicho la mtu wa Kanda ya Ziwa, kwa sababu tukikijadili kinu bila kulijadili ziwa tutakuwa tumejadili nusu ya jambo.

Udogo wenyewe

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, huhesabu kinu kuwa kidogo kama uwezo wake wa umeme hauzidi megawati 300. Vinu vya kawaida vinavyojengwa leo huwa na megawati 1,000 hadi 1,600 kila kimoja. Kwa mizani yetu, megawati 300 si kitu kidogo hata kidogo. Mashine moja kati ya tisa za Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ina megawati 235. Mradi wote wa Rusumo, tunaogawana na Rwanda na Burundi, ni megawati 80. Mtambo wa mafuta mazito wa Nyakato, hapa hapa Mwanza, ni megawati 63. Kwa hiyo "kinu kidogo" kimoja cha daraja la juu kingeweza kubeba kazi ya Rusumo tatu na bado kikabakiwa na ziada. Vipo pia vidogo sana, vya megawati 10 kushuka chini, vinavyolengwa kwa migodi ya mbali na kambi za jeshi.

Ndani yake kazi ni ileile ya kinu kikubwa. Kiini cha atomu ya urani-235 kikigongwa na nyutroni hupasuka, hutoa joto, na huachia nyutroni nyingine mbili au tatu zinazokwenda kupasua viini vingine. Joto hilo huchemsha maji, mvuke huzungusha turbaini, na turbaini huzungusha jenereta. Kuanzia kwenye mvuke kwenda mbele hakuna tofauti na mtambo wa makaa ya mawe. Tofauti iko kwenye chanzo cha joto. Kinu cha megawati 300 kikifanya kazi mchana na usiku hupasua takriban kilo moja ya urani-235 kwa siku. Mtambo wa makaa wenye uwezo huohuo ungechoma karibu tani 3,000 siku hiyohiyo.

Hapo ndipo sifa ya usafi inapotoka, na sifa hiyo ni ya kweli. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2014, lilijumlisha kila kitu kuanzia mgodini hadi kubomoa mtambo uliochakaa. Nyuklia ilipata wastani wa gramu 12 za hewa ya ukaa kwa kila uniti ya umeme. Upepo wa nchi kavu ulipata 11, maji 24, gesi 490, na makaa ya mawe 820. Mtu anayepinga nyuklia kwa hoja ya moshi anapiga pasipo. Zipo hoja nzito zaidi.

Joto lisilozimika

Hofu ya watu wengi ni kwamba kinu kinaweza kulipuka kama bomu la atomu. Hakiwezi. Urani ya vinu vingi vya leo huwa imerutubishwa, yaani sehemu yake ya urani-235 imeongezwa, hadi asilimia 3 au 5 tu, na kwa kiwango hicho haiwezi kuwa bomu. Hatari ya kweli iko kwingine, na bila kuielewa mtu hawezi kujua kwa nini udogo una maana yoyote.

Ukikizima kinu, mpasuko wa viini husimama ndani ya sekunde chache, lakini joto halisimami. Mabaki ya viini vilivyopasuka yana mionzi, nayo huendelea kutoa joto yenyewe, na hakuna swichi ya kuyazima. Dakika ile ya kuzimwa, kinu bado kinatoa asilimia 6 au 7 ya joto lake la kawaida. Baada ya saa moja ni asilimia moja na nusu hivi. Baada ya siku nzima ni karibu nusu ya asilimia moja. Asilimia hizo zinaonekana ndogo mpaka ukumbuke zinapigwa kwenye nini: kwa kinu cha megawati 1,000 za umeme, ambacho huzalisha joto la kama megawati 3,000, tunazungumzia megawati karibu 200 za joto ambazo lazima ziondolewe mara moja, na megawati 15 ambazo bado zitahitaji kuondolewa kesho yake.

Fukushima, Japani, Machi 2011, hicho ndicho kilichotokea. Tetemeko lilipopiga, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe kama vilivyopangwa. Tsunami ikaja, ikazamisha majenereta ya dizeli, pampu zikakosa umeme, maji ya kupoza yakakosekana, na vinu vitatu vikayeyuka kwa joto la mabaki. Kuzima vilizimwa. Kupozwa ndiko kulikokosekana.

Sasa njoo kwenye udogo. Sufuria kubwa ya uji ikiepuliwa hukaa moto asubuhi nzima, lakini uji huohuo ukimiminwa kwenye vikombe hupoa upesi, kwa sababu kila kikombe kina eneo kubwa la kutolea joto ukilinganisha na ujazo wake. Kinu cha megawati 77 cha kampuni ya NuScale ya Marekani huzalisha joto la megawati 250, na siku moja baada ya kuzimwa kinabakiwa na kama megawati moja na kitu. Kiasi hicho kinaweza kuondoka chenyewe: maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka, na chombo kizima kimezamishwa kwenye bwawa la maji chini ya ardhi. Hakuna pampu, hakuna dizeli, hakuna mtu wa kufungua vali usiku wa manane.

Wachina wamelijaribu jambo hili kwa vitendo. Kituo cha Shidaowan, mkoani Shandong, kina vinu viwili vinavyopozwa kwa gesi ya heli na kuendesha turbaini moja ya megawati 210. Urani yake imefungwa ndani ya punje ndogo zilizovikwa tabaka za kaboni na kauri, na punje hizo zikajazwa kwenye matufe ya sentimita 6. Mwaka 2023 wahandisi waliukata kwa makusudi umeme wa kupozea vinu vikiwa vinafanya kazi, wakaviacha vitafute njia yenyewe. Vilipoa. Hilo nalihesabu kuwa hatua kubwa ya kweli katika teknolojia hii, na anayesema vinu vidogo ni jina jipya la hatari ya zamani hajalitazama jaribio hilo.

Lakini usalama wa kinu ni pamoja na ulinzi wake, uaminifu wa wakaguzi wake, na weledi wa watu wa zamu. Hayo hayapungui kwa sababu chombo kimepungua.

Vilivyopo na vilivyokwama

Ukitaka kupima ahadi, hesabu mitambo inayozalisha umeme leo, kisha weka vipeperushi pembeni. Orodha ni fupi. Urusi ina meli ya umeme, Akademik Lomonosov, iliyofungwa gati huko Pevek, kaskazini kabisa, ikiwa na vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja. Ilianza kuingiza umeme kwenye gridi Desemba 2019. China ina Shidaowan, iliyoanza kazi rasmi ya kibiashara Desemba 2023, na ilianza mwaka 2021 kujenga kingine cha megawati 125 katika kisiwa cha Hainan. Kanada ilitoa leseni Aprili 2025 ya kujenga kinu cha megawati 300 huko Darlington. Ipo miundo mingine mingi duniani, na karibu yote bado iko kwenye karatasi.

Habari inayopaswa kusomwa kwa makini na kila waziri wa nishati wa Afrika Mashariki ilitoka Marekani Novemba 2023. NuScale ilikuwa kampuni ya kwanza kuthibitishiwa muundo wa kinu kidogo na mamlaka ya nchi hiyo. Ilipanga kujenga vinu sita jimboni Idaho, jumla megawati 462, na miji midogo ya magharibi ya Marekani ilishajiandikisha kununua umeme wake. Bei iliyotarajiwa ikapanda kutoka dola 58 kwa kila megawati-saa hadi dola 89, hata baada ya ruzuku ya serikali. Gharama ya ujenzi ikafika dola bilioni 9.3. Wanunuzi hawakutosha na mradi ukafutwa.

Gawanya hesabu hiyo: ni kama dola 20,000 kwa kila kilowati moja. Darlington, kwa vinu vinne vya jumla ya megawati 1,200, inakadiriwa kufika dola bilioni 20.9 za Kanada. Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 limetugharimu takriban shilingi trilioni 6.5, ambazo kwa kila kilowati hazifiki hata sehemu ya kumi ya ile gharama ya Idaho. Najua bwawa na kinu si vitu vya kulinganishwa moja kwa moja. Bwawa hutegemea mvua, na kinu hufanya kazi zaidi ya asilimia 90 ya mwaka bila kujali kiangazi. Hata ukihesabu kwamba bwawa hufanya kazi nusu tu ya mwaka, pengo bado ni kubwa mno.

Sababu ya pengo ni rahisi kuieleza. Kinu kikubwa hupata nafuu kwa ukubwa wake: ukuta, walinzi, chumba cha uongozaji na leseni hugawanywa kwa megawati nyingi. Kinu kidogo hupoteza nafuu hiyo na kutumaini kuipata upya kiwandani, kwa kutengeneza kilekile mara hamsini mpaka mafundi wawe na mkono mwepesi. Ili kiwanda kiwe na maana lazima oda ziwe hamsini, na ili oda ziwe hamsini lazima bei iwe imeshashuka. Mpaka leo hakuna nchi iliyoufungua mkwamo huo. Sioni kwa nini Tanzania iwe ya kwanza kulipia majaribio.

Ziwa si tangi la kupozea

Mtambo wowote wa mvuke hugeuza karibu theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme. Theluthi mbili lazima zitupwe mahali. Kinu cha megawati 300 za umeme hutupa joto la zaidi ya megawati 600, muda wote. Njia ya bei nafuu ni kuvuta maji ya ziwa, kuyapitisha kwenye mabomba, na kuyarudisha yakiwa na joto zaidi. Ukiruhusu yaongezeke nyuzi 10, utahitaji kama mita za ujazo 15 kila sekunde. Njia nyingine ni minara ya kupozea, ambayo huvuta maji kidogo lakini huyapoteza hewani kwa mvuke: kwa kinu hicho, kama lita milioni 15 hadi 20 kwa siku.

Je, ziwa litakauka? Hapana. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, na jua peke yake hulinyonya maji mara maelfu ya kiasi hicho kila siku. Anayetutisha kwa kukauka kwa ziwa anatupoteza, kwa sababu shida yenyewe ni mahali ambapo maji ya moto yatamwagwa.

Ziwa letu ni pana lakini si la kina. Wastani wake ni mita 40 na pa kina kabisa ni kama mita 80. Ghuba ya Mwanza, ile inayovukwa sasa na daraja la Kigongo hadi Busisi, ni ya mita chache tu katika sehemu nyingi, na maji yake hayazunguki kwa kasi kama ya ziwa kuu. Tayari inapokea majitaka ya jiji na mbolea ya mashamba, na mwani wa kijani huchanua humo. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo, mwani nao hupenda joto. Sangara ni samaki asiyevumilia upungufu wa oksijeni. Vizimba vya sato vinavyoongezeka pwani yetu haviwezi kukimbia maji mabaya, maana samaki wamefungiwa. Ndiyo maana nasema wazi kwamba kumwaga joto la kinu ndani ya Ghuba ya Mwanza lingekuwa kosa, hata kama kinu chenyewe kingekuwa salama kuliko vyote duniani.

Kuna jambo la pili ambalo wahandisi wa nje huenda wasilijue mpaka waambiwe na wavuvi. Magugu maji. Mnamo Aprili 2020, ziwa likiwa limejaa, kisiwa kinachoelea cha magugu na udongo kilimeguka, kikasukumwa hadi Jinja, kikaziba mitambo ya umeme, na Uganda nzima ikaingia gizani. Kwa bwawa la umeme hiyo ni hasara ya siku moja au mbili. Kwa kinu, mdomo wa maji ya kupozea ni sehemu ya usalama, na miundo inayojipoza yenyewe inapata alama nyingi hapa kuliko inayotegemea pampu. Ongeza na kimo cha ziwa: kati ya kiwango cha chini cha mwaka 2006 na kilele cha Mei 2020 kuna tofauti ya karibu mita 3. Nyumba na mialo iliyozama mwaka ule inatueleza vizuri kuliko ramani yoyote kwamba ufuo wa leo si lazima uwe ufuo wa kesho. Na ardhi nayo hutikisika: tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba Bukoba na vijiji vyake.

Hata hivyo kuna nchi ambazo zimeishi na vinu kando ya ziwa la maji baridi kwa miongo mingi. Darlington iko ufukweni mwa Ziwa Ontario. Pickering pia. Upande wa pili wa ziwa hilohilo, Marekani ina Nine Mile Point, FitzPatrick na Ginna. Mamilioni ya watu, wakiwemo wa Toronto, hunywa maji ya ziwa hilo. Kilichowawezesha ni mambo mawili. Ziwa Ontario lina wastani wa kina cha mita 86, zaidi ya mara mbili ya letu, na maji yake ni ya baridi. Na nchi hizo mbili zina mkataba wa maji ya mpakani tangu mwaka 1909, pamoja na tume ya pamoja yenye wataalamu wanaopima, wanaochapisha, na wanaosikilizwa. Kina cha ziwa hatuwezi kukiongeza. Tume ya namna hiyo tunaweza kuwa nayo.

Gridi, na umeme ambao tayari upo

Hoja ambayo kwa kweli inawapa vinu vidogo nafasi Afrika ni ya gridi. Kanuni inayotumiwa na wapangaji ni kwamba mashine moja isizidi takriban sehemu ya kumi ya gridi nzima, ili ikizimika ghafla isivute wengine chini. Mahitaji ya juu ya gridi yetu yanazunguka megawati 2,000. Kinu cha megawati 1,000 kikijizima saa mbili usiku, nusu ya nchi ingekuwa gizani kabla mtu hajafika kwenye simu. Hata mashine za Rufiji, za megawati 235, ziko ukingoni mwa kanuni hiyo. Kinu cha megawati 77 au 100 kingeingia bila shida.

Lakini muulize mwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza tatizo lake. Atakwambia umeme unakatika na kurudi, volti inashuka, barafu inayeyuka, minofu ya sangara ya kupelekwa nje inasubiri jenereta liwake. Hilo si tatizo la nchi kukosa megawati. Tangu Bwawa la Nyerere likamilike, uwezo wa kuzalisha umezidi mahitaji kwa mbali. Umeme huo unazalishwa Rufiji, na njia ya kuufikisha Mwanza kupitia Chalinze, Dodoma, Singida na Shinyanga ni takriban kilomita elfu moja. Mwaka 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na sababu iliyotajwa ni upotevu wa umeme njiani. Kanda ya Ziwa iko mwisho wa waya uleule.

Mtu anaweza kusema: basi jengeni kinu hukuhuku mwisho wa waya. Kifizikia yuko sawa. Chanzo kilicho karibu huimarisha volti na hupunguza upotevu, na migodi ya dhahabu ya Geita, inayofanya kazi mchana na usiku, ni mteja wa aina ambayo kinu hupenda. Ila kila kazi hiyo inaweza kufanywa mapema na kwa bei ndogo kwa njia za kusafirisha za kilovolti 400, vituo vya kupoza umeme vilivyo imara, na mashamba ya jua ya Shinyanga na Simiyu ambako mawingu ni machache, huku bwawa likishika usiku. Waya wa alumini na nguzo za chuma haviwavutii wapiga picha, lakini ndivyo vinavyoyeyusha au kuokoa barafu ya mwenye kiwanda.

Kuhusu visiwa, wapo wanaosema vinu vidogo sana vitafaa Ukerewe na Ukara. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukara ina gridi ndogo ya umeme wa jua tangu mwaka 2016. Wavuvi wa dagaa wengi wameacha karabai na kutumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Kupeleka kinu, pamoja na walinzi wenye silaha na wataalamu wa zamu usiku na mchana, mahali panapohitaji umeme wa mashine za kusaga na majokofu, ni kubeba gharama isiyo na sababu.

Urani yetu, na mabaki ya urani

Kuna dhana kwamba kwa kuwa tuna urani Namtumbo, fueli tunayo. Urani inayochimbwa ina chini ya asilimia moja ya ile urani-235 inayotakiwa. Baada ya mgodi na uchakataji, lazima igeuzwe kuwa gesi, irutubishwe kwenye mashinepewa (mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa), igeuzwe tena kuwa unga, ikandamizwe na kufungwa kwenye fito. Hatua hizo ziko mikononi mwa nchi chache sana, na vinu vidogo vingi vya kisasa vinahitaji urutubishaji wa asilimia 5 hadi 20, ambao wauzaji wake ni wachache zaidi, Urusi ikiwa mbele yao. Anayenunua kinu ananunua pia uhusiano wa miaka sitini na muuza fueli. Tutauza unga wa urani na kununua fito, kama tunavyouza pamba na kununua shati.

Mabaki ni machache kwa uzito: kinu cha megawati 100 huacha tani mbili au tatu za fueli iliyotumika kwa mwaka. Lakini yatakuwa na hatari kwa maelfu ya miaka. Ufini imechimba hifadhi ya kudumu, Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba huko Olkiluoto, na ni nchi ya kwanza duniani kufika hatua hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na wataalamu wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Stanford ulieleza kwamba baadhi ya vinu vidogo vitazalisha mabaki mengi zaidi kwa kila uniti ya umeme kuliko vikubwa, kwa kuwa nyutroni nyingi huchopoka kwenye kiini kidogo na kuvitia mionzi vyuma vinavyokizunguka. Kampuni zilipinga hesabu hizo. Njia salama kwa nchi mnunuzi ni kuandika kwenye mkataba kwamba muuzaji ataichukua fueli iliyotumika na kuondoka nayo. Bila kifungu hicho, mkataba usisainiwe.

Kazi inayoanza kabla ya zege

IAEA ina utaratibu wa maandalizi wenye hatua tatu na maeneo 19, kuanzia sheria na msimamizi huru hadi mafunzo, ulinzi, gridi, mazingira na ushirikishwaji wa wananchi. Nchi inayoanza kutoka mwanzo huchukua miaka 10 hadi 15. Utaratibu huo hauulizi kama kinu ni cha megawati 50 au 1,500. Maeneo ni yaleyale 19. Ndiyo maana nasema chombo kimepungua lakini maandalizi hayajapungua.

Hatuanzi na mikono mitupu. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao makuu Arusha, inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2003, na wakaguzi wake ndio wanaosimamia vyanzo vya mionzi nchini. Hospitali ya Bugando hutibu saratani kwa mionzi, hapa kilimani, na wagonjwa wa kanda nzima huitegemea. Watu wanaojua kuishi na mionzi kwa nidhamu tunao, ila ni wachache, na umbali kati ya kukagua mashine ya tiba na kukagua kinu ni mrefu. Kwangu mimi, hapo ndipo fedha ya kwanza inapaswa kwenda: vijana wa fizikia na uhandisi wapelekwe kusoma sasa, wapate zamu kwenye vinu vya wengine, warudi wakiwa na uwezo wa kumwambia muuzaji hapana. Kinu chenyewe kwa Kanda ya Ziwa sikioni kikiwa na maana ya kiuchumi kabla ya miaka ya 2040, na hata wakati huo kisiwe ghubani.

Ila Siaya haitatusubiri. Kenya ikijenga, maji ya kupozea yatatoka kwenye ziwa ambalo karibu nusu yake iko Tanzania. Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyosainiwa Arusha Novemba 2003, inazitaka nchi wanachama zifanye tathmini ya athari kwa mazingira na kuarifiana kuhusu miradi inayoweza kuligusa bonde. Kamisheni ya bonde hilo ipo Kisumu, jirani kabisa na Siaya. Kwa hiyo Tanzania ina haki ya kisheria, leo, ya kudai takwimu za joto la maji, mwelekeo wa mikondo, mpango wa dharura na mahali fueli iliyotumika itakapokaa. Vituo vya kupima joto na oksijeni upande wetu, kuanzia Musoma hadi Ukerewe, vinapaswa kuanza kurekodi miaka kadhaa kabla ya kinu kuwashwa, maana bila kumbukumbu za kabla hakuna atakayeweza kuthibitisha mabadiliko ya baada. Na ripoti ya tathmini ya Siaya, itakapotoka, iletwe Mwanza pia, kwa Kiswahili, isomwe kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba kabla mawaziri hawajaisaini.